Mdundo wa 240 na kopo la rangi ya mafuta

Kazi yangu ni kuandika vibao. Saluni, mabanda ya chipsi, mageti ya shule za chekechea, ubavu wa bajaji, na kuta za watu waliochoshwa na madalali. NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI: maneno hayo nimeyaandika Manzese, Tandale na Mburahati, hapa Dar, mpaka mkono unakwenda wenyewe. Watu wakitaja sanaa ya mtaani huwa wanawaza picha kubwa ukutani, uso wa mtu na maua pembeni. Mimi naanzia kwenye zile herufi nyekundu, kwa sababu ndizo mtaa wenyewe uliziagiza na kuzilipia.

Kazi hiyo naifanya singeli, muziki wetu wa kasi, ikiwa masikioni, nitake nisitake. Ukipanda ngazi huku kwetu, kushoto kinyozi kafungulia, kulia bodaboda wana spika yao, na nyuma ya nyumba kuna kijana anapika biti mpya. Ninachotaka kusema ni hiki: singeli ni uvumbuzi wa kiufundi. Umefanyika uswahilini, umefanywa na watu tunaowajua kwa majina, wengi wao bado vijana, na ni wachache mno waliokaa nao chini wakaandika wanavyofanya. Tunabishana kama ni muziki au ni kelele, huku kazi yenyewe inapotea.

Mjomba wangu alipiga ngoma kwenye kikundi cha mchiriku miaka ya tisini, kwa hiyo haya ya mwanzo nimeyapata kwake. Mchiriku, muziki uliotangulia singeli, una mizizi kwenye ngoma za Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Kilichoupa sura yake ni kinanda kidogo cha Casio, kile cha plastiki chenye vitufe vyembamba, kilichotengenezwa ili mtu ajifunzie nyumbani. Vikundi vya Dar vilikichukua vikakichomeka kwenye amplifaya, amplifaya ikaenda kwenye spika za honi, aina ile inayofungwa juu ya misikiti na juu ya magari ya matangazo, na pasipo na umeme ikatumika betri ya gari. Honi haina besi. Inabeba sauti ya kati na ya juu, na ukiizidishia inakwaruza. Kinanda kikipita humo kinatoka na makali ambayo hayamo kwenye kinanda chenyewe. Jagwa Music, kikundi kilichoufikisha mchiriku kwenye majukwaa ya Ulaya, kilisimama juu ya makali hayo: Casio, honi, ngoma, na mwimbaji anayesimulia shida za mjini.

Mjomba anasema ule mkwaruzo walikuwa wakiutafuta. Kikundi kikija na spika laini, watu walilalamika kwamba ngoma imepoa.

Halafu mtazame Edward Saidi Tingatinga. Alitoka Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kopo, ile inayopakwa milango na baiskeli, na picha zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mwizi, akafa, akiwa amechora kwa miaka minne hivi. Mimi natumia rangi ya aina ileile mpaka leo, na najua tabia yake. Inang'aa, inachelewa kukauka, ukiweka rangi nyingine kando yake kabla ya wakati zinachafuana. Kwa hiyo unaweka moja, unasubiri, unaweka ya pili juu yake, na kila rangi inabaki na mpaka wake mkali. Naamini kabisa kwamba yale madoa ya chui na mabawa ya ndege yaliyojaa mistari, ambayo leo yanauzwa kwa watalii kama sura ya Tanzania, nusu yake yaliamuliwa na kopo.

Hiyo ndiyo desturi ninayoiona hapa mjini. Chombo kimetengenezwa kwa kazi fulani, mtu asiye na pesa anakichukua, anakilazimisha kufanya kazi nyingine, na kile ambacho chombo kinakataa kukifanya ndicho kinachozaa mtindo. Singeli imekaa humohumo.

Yule kijana wa nyuma ya nyumba ananiita dada, na chumba chake ndicho studio. Godoro mchana linasimamishwa ukutani ili kuua mwangwi, trei za mayai zimegongelewa pande mbili, na feni inazimwa emsii akianza kurekodi, kwa hiyo watu hutoka humo wamelowa jasho. Kompyuta ni laptopu ya mtumba iliyokufa betri. Umeme ukikatika kabla hajaseivu, kazi imekwenda. Programu ni FL Studio, ambayo wakubwa wake bado wanaiita kwa jina la zamani, Fruity Loops.

Nitaeleza anavyofanya, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wote. Programu hiyo ikifunguka, mwendo wake huwa mapigo 130 au 140 kwa dakika, kutegemea toleo. Huo ni mwendo wa kawaida wa muziki wa klabu. Yeye anaupandisha mpaka 240, siku nyingine zaidi. Kwenye 240 kila sekunde ina mapigo manne, na katikati ya pigo na pigo bado anachomeka vitu. Mbele yake kuna viboksi 16 kwa kila chombo, anabonyeza kimoja kimoja, kiki hapa, snea pale. Kisha anatafuta lupu. Anafungua taarabu ya zamani na kusikiliza mpaka apate mahali ambapo kinanda au fidla imebaki peke yake, anakata kipande cha sekunde moja au mbili, anakiweka kizunguke. Kipande kile kilirekodiwa polepole, kwa hiyo lazima kikimbizwe. Na sauti ukiikimbiza bila kuinyoosha, inapanda juu. Ukiikimbiza mara mbili inapanda oktavu nzima. Mtu mzima anakuwa mtoto, fidla inakuwa filimbi.

Programu hiyohiyo inaweza kukimbiza sauti bila kuipandisha. Njia ipo. Yeye haigusi.

"Dada, hebu sikia hapa," aliniambia siku moja nilipokwenda kumdai hela ya kibao.

"Nani huyo, mtoto?"

"Mtu mzima huyo, mama wa watu kabisa. Nimemkimbiza tu."

Nikamuuliza kwa nini asimwache kwenye sauti yake. Akanijibu bila kugeuka: sauti ikibaki chini inagombana na besi, halafu inagombana na emsii. Ikipanda inakaa juu peke yake, kila mmoja anapata pa kusimama. Akanionyesha zote mbili. Ya kwanza ilikuwa tope. Ya pili, ambayo ningeiita ya kichaa kama ningeisikia barabarani tu, ilikuwa safi, kila kitu kinasikika. Kwa mwendo ule hakuna nafasi ya vitu viwili kukaa mahali pamoja, na yeye anazipanga sauti kama mimi ninavyopanga herufi kwenye kibao kifupi chenye jina refu. Siku hiyo nilisahau hela yangu.

Swali ambalo wageni wa singeli huuliza ni namna gani mtu anacheza kitu chenye kasi hiyo. Jibu ukilitafuta miguuni unaliona. Wachezaji wanashika nusu ya mwendo. Biti iko 240, miguu na kiuno viko 120, mwendo wa kutembea kwa haraka, ambao mwili unaweza kuuhimili usiku kucha. Mikono na mabega ndivyo vinavyochukua ile kasi kamili. Emsii naye anapanda na kushuka kati ya miendo hiyo miwili: anaanza kwa kuita, anataja mitaa, anamsifia bibi harusi pamoja na shoga zake, kisha anaingia kwenye michano ambayo pumzi yake sijui anaiweka wapi.

Na kazi ya dijei kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku kucha, haiishii kucheza nyimbo. Wengi wanatumia Virtual DJ, programu iliyobuniwa ili mtu aunganishe wimbo na wimbo kwa ulaini, watu wasishtuke. Huku inatumiwa kushtua. Dijei anaishika lupu fupi, anaifupisha tena, anaongeza kasi hapohapo watu wakiwa kati, anachapa vitufe vya laptopu kama anayepiga ngoma, king'ora kinaingia, biti inakatika, inarudi. Hana mashine yoyote ya ziada. Vitufe vilevile vya kuandikia barua ya kuombea kazi ndivyo anavyopigia. Nimesimama nyuma ya madijei kadhaa kuangalia vidole, na kila mmoja ana mpangilio wake wa vitufe aliojitungia. Mpangilio huo haujaandikwa popote.

Redio ilichelewa. Nyimbo zilikuwa zinatembea kwa memori kadi, kwa bluetooth, kwa vibanda vya kujazia nyimbo kwenye fleshi, na kwa dereva wa bajaji mmoja kwenda mwingine. Baadaye EFM ikaupa nafasi hewani, Msaga Sumu na Man Fongo wakajulikana nchi nzima, Sholo Mwamba akaingia studio na Profesa Jay, na hata waliokuwa wanauita uhuni wakaanza kuupiga kwenye harusi zao. Vigodoro vyenyewe vikaendelea kupigwa marufuku kila viongozi wanapokumbuka.

Njia ya pili ilipita Kampala. Nyege Nyege, watu walioanza kufanya tamasha Jinja kando ya Mto Nile mwaka 2015, walifika Mburahati kwenye studio ya Sisso, na mwaka 2017 wakatoa mkusanyiko wa kazi za pale uitwao Sounds of Sisso. Hapo ndipo Bamba Pana, Jay Mitta na Sisso mwenyewe walipoanza kuitwa kwenye matamasha ya muziki wa kielektroniki huko Ulaya, na Duke wa Pamoja Records akafuata, kisha DJ Travella, kijana aliyetoa albamu yake mwaka 2022. Nafurahi kwa ajili yao, kwa dhati. Kazi ya chumba chenye trei za mayai kuchezwa mbele ya watu wasiojua Kiswahili, na wakaielewa kwa miguu, si jambo dogo.

Lakini kuna kitu kinanisumbua kwenye safari hiyo. Kinachopendwa zaidi kule ni biti tupu, kadiri inavyokuwa na kasi na ukali. Emsii anabaki nyuma, au hapandi ndege kabisa. Wakaanza kuuita muziki wa majaribio, muziki wa kesho. Singeli ya kwetu ina maneno. Ina mtu anayesema kodi imepanda, anayemjibu mama mkwe, anayetaja kwa jina kijana aliyefariki wiki ile mtaani. Mimi naipenda ikiwa na mdomo. Biti peke yake inanipa nusu ya wimbo.

Rangi inaingia hapa kwa mlango wa spika. Wenye muziki wa kukodi wananipa maboksi yao niyaandike, na hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Jina la muziki linatakiwa lisomeke usiku, chini ya taa moja, na mtu aliye mbali, vumbi likiwa limepanda. Herufi lazima ziwe nene, nyeupe au njano, na kivuli cheusi upande mmoja tu. Kwanza napiga mistari kwa kamba iliyopakwa chaki: unaivuta ikaze, unaiachia, inajichora yenyewe. Nachora herufi kwa chaki, najaza kwa brashi bapa, nasubiri mpaka kidole kisinate. Kivuli nakiweka mwisho, chini na kushoto, kwa mkono mmoja bila kuinua brashi, maana ukiinua unaacha alama. Zamani nilitumia rangi ya mafuta peke yake. Maboksi hayo hupandishwa na kushushwa kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kila wikiendi, kona zinachubuka, kwa hiyo sasa natumia rangi ya gari niliyoelekezwa na wapaka rangi wa gereji. Inakauka upesi na inashika. Imenibadilishia hata mwandiko, kwa sababu rangi inayokauka upesi haikupi muda wa kusita.

Mashine za kukatia stika zilipojaa Kariakoo, wengi walisema sisi tumekwisha. Kweli tumepoteza bajaji nyingi; mwenye bajaji anataka picha ya mchezaji mpira ikiwa tayari asubuhi. Mimi nilichukua simu. Napiga picha ukuta, nauchorea juu yake kwa kidole, namtumia mteja kwa WhatsApp aone saluni yake itakavyokuwa. Akikubali, naigawa picha kwa viboksi, nagawa ukuta kwa viboksi vilevile kwa chaki, nakuza kimoja baada ya kingine. Vijana wa Wachata Crew, waliopeleka rangi ya kupuliza kwenye kuta za Dar kabla wengi hawajajua neno grafiti, wana ufundi mwingine na ukubwa mwingine, na nimejifunza kwa kuwatazama. Kule Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako tangu 2008 wasanii wanafanya kazi kwenye makontena yaliyogeuzwa studio, unaweza kumkuta mchoraji, mpiga muziki na mtu wa video wanaazimana waya. Mchango wa sehemu kama ile ni mkubwa. Ila nauli ya kwenda na kurudi kutoka huku si ya kila siku.

Wenzetu wa Nairobi rangi na muziki wameviweka kwenye gari moja. Matatu ya Rongai ina michoro ya kupuliza nje, ndani taa, skrini na spika nzito, na vijana wanaisubiri ileile kituoni nyingine zikipita. Kanuni za waziri wao wa uchukuzi, Michuki, zilipoanza kutumika Februari 2004, matatu zililazimishwa mstari wa njano ubavuni na michoro ikafifia, kisha ikarudi taratibu. Dar daladala ina mkanda wa rangi wa kuonyesha njia yake, mchoraji anaachiwa kioo cha nyuma. Ndiyo maana akili zetu nyingi zimekwenda kwenye bajaji, kwenye kuta na kwenye spika.

Sasa nifike panaponiuma. Kuna saluni niliichora ukuta mzima, vichwa sita vya mitindo ya nywele, kila kimoja mtu wa kweli wa mtaa ule. Wateja walikuwa wanaonyesha kwa kidole: nisuke kama yule. Kampuni moja ya simu ikaja kumpa mwenye saluni hela kidogo, ikapaka ukuta wote rangi yake, juu mpaka chini. Simlaumu mama wa saluni hata kidogo, ana kodi ya kulipa. Lakini picha niliyonayo ya ukuta ule ni moja tu, nayo ina mtu amesimama mbele.

Kwenye biti ni vibaya zaidi. Kijana wangu yule alikuwa na kazi zake zote kwenye hadi diski moja. Ikadondoka, ikaanza kulia tik tik, basi. Nyimbo zenyewe zipo, zimezagaa kwenye simu za watu. Kilichokufa ni mafaili ya kazi, yale yenye viboksi na lupu na mpangilio, yanayoonyesha alivyofikiri. Mtu akitaka kesho kujifunza alipataje ule usafi kwenye 240, hana pa kuangalia. Na studio nyingi za kipindi cha mwanzo zimepitia hayohayo: kompyuta iliibiwa, iliuzwa, iliungua umeme uliporudi kwa nguvu.

Kuna na la haki. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mpigaji, na mzee aliyepiga fidla kwenye taarabu ile ni mmoja wao. Jina lake halitajwi. Nimebishana na vijana juu ya hili na nitaendelea kubishana. Huwezi kulalamika kwamba Ulaya wanachukua biti wanamwacha emsii, halafu wewe unachukua fidla unamwacha mzee. Wao wananijibu kwamba lupu ikishakimbizwa mara mbili na kukatwa vipande haitambuliki, imekuwa kitu kipya. Kwa masikio yangu wanasema kweli. Kwa mfuko wa yule mzee, sioni.

Nilichofanya ni kununua kaunta buku. Kila ninapoandika ukuta naweka tarehe, mtaa, aina ya rangi, nani aliagiza na kwa maneno gani, kisha napiga picha mbili, ya karibu na ya mbali, kabla sijashuka na vifaa. Kijana nikamnunulia lake. Nikamchorea safu: jina la biti, mwendo, programu na toleo lake, emsii, tarehe, ilichezwa wapi kwanza, lupu imetoka wapi. Nikamwambia faili la kazi awe analiseivu na sauti zake zote ndani, awe analinakili kwenye fleshi mbili, moja ikae kwangu.

Amekubali karibu yote, na ameandika kurasa kadhaa kwa mwandiko mzuri kuliko nilivyotegemea. Ile safu ya mwisho ndiyo ameiacha tupu. Anasema akiandika lupu imetoka wapi, maprodyuza wenzake watakuja kuazima daftari na kuondoka na siri. Nimemwambia aanzishe daftari lingine la lupu peke yake, alifungie, na aanze na ile fidla.

"Nipe wiki, dada," amesema. "Hilo la fidla hata mimi sijui ni nani aliyepiga. Lazima nikamuulize mzee mmoja Magomeni."